Wema mdogo mdogo unakwamia wapi? Mimi naona ni kwenye haraka na haya

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni mrefu kidogo, nawaomba mnivumilie.

Miezi michache iliyopita nililala hospitalini siku kumi na moja nikimuuguza baba yangu. Sasa anaendelea vizuri, kwa hiyo habari ya ugonjwa wake naiacha kando. Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya kiti.

Chumba kilikuwa na vitanda sita na viti viwili tu vya sisi tunaouguza. Usiku wa pili nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha baba tangu jioni, mara nimeegemea ukuta, mara nimechuchumaa. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani akanyanyuka, akakisukuma kiti chake hadi nilipo, akasema: "Kaa hapa, mwanangu. Mimi leo nimekaa mno, miguu inataka kunyooka." Akaenda kusimama dirishani. Nilipokwisha kukaa ndipo nilipoiona miguu yake. Ilikuwa imevimba.

Nimesaidiwa mambo makubwa maishani. Nimesomeshwa na ndugu, nimedhaminiwa kazi na mtu ambaye hata hakunijua vizuri, na wote nawashukuru. Lakini kile kiti, pamoja na ule uongo mdogo alioutunga ili nisijione nimemnyang'anya, havijanitoka moyoni. Alinipa kitu, na papo hapo akalificha deni lake.

Sasa upande wangu. Wiki hiyohiyo nilipishana ngazini na mzee mmoja ameshika karatasi, anasoma vibao vya milangoni kimoja baada ya kingine. Aliponiona akafungua mdomo aniulize. Nikampita. Nilikuwa na dawa mkononi, nakimbilia juu. Kufika juu, muuguzi hayupo. Nikasimama mlangoni dakika ishirini nikimngoja. Kumwelekeza yule mzee kungenichukua nusu dakika.

Sikuwa na kinyongo na mzee yule. Sikuwa na roho mbaya siku ile. Nilikuwa na haraka, na haraka yenyewe haikunifikisha popote.

Baadaye nikasoma kuhusu jaribio ambalo John Darley na Daniel Batson walilifanya katika seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani, wakalichapisha mwaka 1973. Wanafunzi wanaosomea uchungaji waliambiwa waende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao mada waliyopewa ilikuwa mfano wa Msamaria mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama njiani kumsaidia mtu aliyejeruhiwa. Wengine waliambiwa wameshachelewa, wengine kwamba muda bado upo. Njiani walikuwa wamewekewa mtu aliyejiinamia mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia kwa namna moja au nyingine. Kati ya wenye haraka kubwa, asilimia 10. Na kule kwenda kumzungumzia Msamaria hakukuonekana kuleta tofauti ya maana. Nilipofika hapo nikafunga nilichokuwa nasoma, nikamkumbuka mzee wa ngazini.

Hiyo ni haraka. Kizuizi cha pili ni kuona haya. Ni mara ngapi umemwona mtu amefanya kazi vizuri, sifa ikakufika kwenye ulimi, ukaimeza? Unajiambia atanionaje, atadhani nataka kitu kwake. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha utafiti wao kuhusu watu walioombwa kuandika barua za shukrani. Waandishi walibashiri kwamba wapokeaji wangejisikia vibaya kuliko walivyojisikia kweli, na furaha ya wapokeaji wakaibashiri chini mno. Yaani tunaogopa aibu ambayo yule wa upande wa pili wala haioni.

Tangu nirudi nyumbani najaribu mambo machache. Natoka dakika kumi kabla ya muda niliozoea, nikijua nitakutana na mtu njiani. Neno jema likinijia nalisema kabla halijapoa. Na nikimwona mtu amekwama simsubiri aniombe.

Ninyi wenzangu, wema wenu unakwamia wapi?

#2 Mwalimu mstaafu

Mwanangu, ahsante kwa uzi huu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na kuhusu kuona haya ninaweza kushuhudia kama mpokeaji.

Nilipokwisha kustaafu, mwanafunzi wangu wa zamani aliniandikia ujumbe wa mistari minne. Alinikumbusha kwamba siku moja alifika shuleni shati limechanika begani, nikampa kazi ya kupanga vitabu maktabani mpaka kengele ya mwisho, asikae mbele ya wenzake. Kwa kweli nilikuwa nimesahau. Mwishoni akaandika: "Samahani kwa kukusumbua, mwalimu." Na akasema ameuahirisha ujumbe ule miaka tisa kwa kutojua aanzeje.

Miaka tisa! Ningeweza kufa kabla haujafika. Ujumbe ule nimeunakili kwa mkono kwenye daftari, na siku nikiamka nimechoka naufungua.

Wajapani walilishika jambo hili mapema. Mwaka 1963 Seiji Kaya, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliwahimiza wahitimu wake wawe na ushujaa wa kutenda wema mdogo. Mwaka huohuo ikaanzishwa harakati ya kitaifa ya wema mdogo. Mwaka 1997 watu wa nchi mbalimbali wenye nia hiyo walikutana Tokyo, na tangu 1998 tarehe 13 Novemba huadhimishwa kuwa siku ya wema duniani. Mimi siku maalumu hainishughulishi sana. Lililonigusa ni lile neno ushujaa. Mimi naona hata kumpisha mtu kiti kunadai moyo wa kijasiri, kwa sababu lazima uinuke watu wakikutazama.

Nina swali moja kwako. Yule mama wa kiti, umeshamwambia?

#3 Fundi mitambo

Naheshimu mlichoandika, lakini nami niseme ukweli wangu. Nimechoka na wema.

Kazini kwangu kuna mwenzangu aliniomba nimshikie zamu ya usiku mara moja, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Nikamshikia. Wiki iliyofuata tena. Ikaendelea hivyo miezi minane. Siku niliyomwambia leo siwezi, kwa sababu mke wangu alikuwa karibu kujifungua, alinuna, akawaambia wenzetu kwamba mimi nimebadilika, najiona. Hakuna aliyeuliza nimelala saa ngapi kwa miezi yote ile.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Sasa mnaposema haraka na haya, mimi naongeza la tatu: watu tumeumizwa. Mtu aliyeumizwa hujikunja.

#4 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Sijamwambia. Namba yake ninayo, tulipeana siku baba alipotoka, lakini kila nikiishika simu najiona kama mtu wa ajabu. Nimpigie mama wa watu nimwambie ahsante kwa kiti? Pengine hata mumewe hakupona. Ndiyo hivyo, naandika uzi mzima kuhusu haya na mwenyewe zimenishika.

Fundi, pole sana ndugu yangu. Hilo la kuumizwa sikulifikiria, na ni kweli lipo.

#5 Muuguzi wa zamu ya usiku

Kaka Fundi, niruhusu nikujibu kama mtu wa zamu mwenzako. Siku ya kwanza ulitenda wema. Miezi minane iliyofuata ilikuwa mzigo, na mzigo huo ulikujia kidogo kidogo kwa sababu hakuna siku mlikaa mkasema mwisho wake ni lini. Wema mdogo una kingo. Unaanza, unakwisha, kila mtu anaendelea na safari yake. Ukishaona umekuwa ratiba ya mtu, hayo ni makubaliano, na makubaliano yana haki ya kuzungumzwa: wewe unashika lini, mimi nashika lini.

Nimejifunza kukataa kwa upole. "Leo siwezi, mpendwa, ila kesho naweza kukusaidia saa mbili za mwanzo." Mwenye shida ya kweli hushukuru hata kwa saa mbili. Mwenye mazoea hukasirika, na hapo umeshamjua.

Na kuhusu hospitali, mleta uzi, tunaona mengi usiku. Mgonjwa hukumbuka dawa mara chache mno. Hukumbuka nani alimgeuzia mto, nani alizima taa iliyokuwa ikimchoma macho, nani alimwita kwa jina lake badala ya namba ya kitanda. Mimi mwenyewe kuna mgonjwa aliyeniuliza, "Na wewe umekula?" Nilikwenda stoo nikalia kidogo kabla sijaendelea na kazi.

#6 Natumia kiti cha magurudumu

Naomba niongeze jambo ambalo huwa halisemwi, na nalisema kwa upendo.

Kuna wema unaotuumiza. Niko barabarani natafakari nipitie wapi, ghafla kiti kinaanza kwenda. Mtu amekuja nyuma yangu, ameshika vishikio, ananisukuma. Anadhani amenisaidia. Kwangu mimi ni sawa na wewe kubebwa mgongoni na mtu usiyemjua, hujamwona hata uso. Siku moja mkono wangu ulikuwa kwenye gurudumu, vidole vikabanwa.

Uliza. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, ngoja jibu. Nikisema "hapana, ahsante" sijakutukana. Nikisema ndiyo, niulize nianzie wapi, maana mimi ndiye ninayekijua kiti changu. Ukinishikia mlango, usisimame katikati ya mlango wenyewe, maana nitalazimika kukupita juu ya vidole. Na nikiwa na mwenzangu, ongea na mimi. Usimuulize yeye, "Anahitaji nini?"

Kati ya wema wote niliotendewa mwaka huu, uliobaki kichwani ni wa kijana mmoja kwenye lifti. Alichuchumaa tukawa macho kwa macho, akaniuliza naenda ghorofa ya ngapi, akabonyeza, akaendelea na mambo yake. Hakunihurumia.

#7 Mwanafunzi wa saikolojia

Mmenifurahisha sana, nami nachangia niliyoyapata darasani.

Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha utafiti uliojumuisha jaribio hili. Katika chuo kikuu kimoja cha Vancouver, Kanada, watu 46 walipewa asubuhi bahasha yenye dola 5 au dola 20. Nusu waliambiwa wazitumie kwa mahitaji yao kabla ya jioni, nusu wazitumie kwa mtu mwingine. Jioni waliotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi kilichokuwa ndani ya bahasha hakikubadilisha kitu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watu 46 si wengi, lakini wazo hilo limeendelea kuchunguzwa.

Sonja Lyubomirsky na wenzake nao waliwaomba wanafunzi watende mambo matano ya wema kila wiki kwa wiki sita. Walioyatenda yote matano siku moja ndio walioonyesha kuongezeka kwa furaha. Walioyatawanya wiki nzima haikuonekana hivyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba jambo dogo likitawanywa linafanana na mazoea ya kila siku, mtendaji mwenyewe halioni. Mimi nimeichagua Jumatano. Siku hiyo natoka nyumbani nikiwa macho, natafuta. Cha ajabu, siku nyingine nazo zimeanza kuiga Jumatano.

La mwisho linaweza kuokoa maisha. John Darley huyohuyo wa jaribio la Princeton, pamoja na Bibb Latané, mwaka 1968 walionyesha jinsi wingi wa watu unavyotulegeza. Washiriki walisikia kwa vipokea sauti vya masikioni mtu wa chumba cha pili akisikika kama amepatwa na kifafa. Walioamini wao peke yao ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti yake haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Yaani wajibu unagawanyika, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ameshakwenda. Kwa hiyo ukimwona mtu ameanguka kwenye umati, usiseme wako wengi. Na ukihitaji msaada, usipige kelele kwa wote. Mnyooshee kidole mmoja: "Wewe kaka wa shati la bluu, piga simu." Ukishamchagua, hana tena pa kujificha.

#8 Kijana wa mtaani

Mimi fupi tu. Simu ibaki mfukoni. Ukimpa mtu nguo huku mwenzako anarekodi, umemlipisha. Amelipa kwa uso wake, na hakuulizwa kama anauza.

#9 Mama wa wawili

Nimesoma wote hadi hapa, na nataka kuwarudisha nyumbani.

Ofisini nasifiwa kwa upole. Wateja wananiita dada mwenye sauti ya asali. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka tisa alikuwa akicheza na simu yangu, akajirekodi akiimba, na mimi nikasikika nyuma nikiongea na baba yake. "Umeweka wapi? Nimekuuliza umeweka wapi? Kila siku ni wewe." Alinichezea baadaye ili nisikie wimbo wake. Sikusikia wimbo. Nilijisikia mimi.

Hakuna mteja niliyewahi kumwambia "kila siku ni wewe". Mteja akikosea namwambia haina shida, tutatafuta pamoja. Wageni nawapa sauti ya kwanza, wa kwangu nawapa masalio ya siku.

Nimeanza na mlango. Mume wangu akiingia naacha ninachofanya, natazama nani ameingia, nasema karibu. Ni sekunde tatu. Wiki ya kwanza aliuliza kuna nini, umeharibu kitu? Wiki ya pili hakuuliza. Jana nilirudi mimi nimechelewa, na kabla sijavua viatu nikasikia kutoka ndani: "Karibu, mama. Pole na kazi." Wote watatu walisema, hata mdogo.

Mleta uzi, haya zinazuia kwa wageni. Nyumbani kinachozuia ni kuzoea. Mtu ukishamzoea unaacha kumwona.

#10 Fundi mitambo

Nimerudi. Maneno ya dada Muuguzi nililala nayo siku tatu.

Nilimwita yule mwenzangu pembeni, tukakaa. Nikamwambia bila hasira: nilikushikia kwa sababu ya mtoto, sasa nami nina mtoto, tupange. Alikaa kimya kwanza, halafu akaniambia mtoto wake hajawahi kupona vizuri, ndiyo sababu alikuwa anaomba kila wiki, ila aliona vibaya kurudia kulisema. Miezi minane nilikuwa najua nusu ya habari. Sisemi alifanya sawa kunisema kwa watu, na hilo nilimwambia pia. Akaomba radhi. Sasa tuna karatasi ukutani, zamu zimeandikwa.

Kuna na jambo la pili. Nilimkumbuka msimamizi wangu wa kwanza kabisa, aliyenifundisha kusikiliza injini kwa sikio kabla ya kuifungua. Nikampigia. Nilipomwambia nimepiga kushukuru tu, alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Rudia tena, nimpe mke wangu asikie."

#11 Mwalimu mstaafu

Fundi, umenitoa machozi, baba. Mleta uzi, bado nasubiri jibu lako.

#12 Mleta uzi

Mwalimu, nimempigia.

Nilipiga jana jioni, mikono inatetemeka utadhani naenda kuposa. Akapokea. Mume wake yuko hai, anatembea kwa fimbo. Nikamshukuru Mungu, kisha nikamweleza: mimi ni yule kijana wa kitanda cha jirani, nimepiga nikushukuru kwa kile kiti ulichonipa usiku ule.

Akasema, "Kiti gani, mwanangu?"

Nikamweleza tena, usiku wa pili, dirishani, miguu. Hakikumrudia hata kidogo. Akasema labda ni mama mwingine.

Halafu akasema: "Mimi ninachokumbuka ni chaja. Simu yangu ilizima, wewe ukanipa chaja yako, nikampigia binti yangu usiku uleule. Asubuhi alikuwa ameshafika na damu tuliyokuwa tunaitafuta ikapatikana. Kila nikimwona mume wangu anatoka nje kuota jua namtaja yule kijana wa chaja. Nilitaka kukupigia, nikaona nitakusumbua."

Wakuu, sikumbuki chaja yoyote.